Kisu kidogo cha mfalme: namna uhuru wa kusema unavyokatwa kipande kwa kipande



Katika makusanyiko yetu ya Kalunguta na ya njia yote inayounganisha Butembo na Beni, swali moja linarudi mara kwa mara. Intaneti ikikatwa kwa amri ya serikali, redio ikifungwa, mtu akikamatwa kwa maneno aliyoandika katika simu, je, hayo yanahusu Kanisa? Wengine wanajibu kwamba ni siasa, tuwaachie watu wa Kinshasa. Wengine wanasema: sisi tuna ADF porini na wahami wa vita ndani ya nyumba zetu, nani ana wakati wa kuwaza habari za WhatsApp?

Katika makala haya tunapenda kueleza namna mtandao unavyofungwa, mara ngapi jambo hilo limetokea katika inchi yetu, na sheria inasema nini. Kisha tutaonyesha kwa nini mkristo wa Kalunguta, hata yule asiyekuwa na simu ya kisasa, anaguswa na jambo hili.

Kitabu kilichochomwa katika nyumba ya baridi

Tuanze na Yeremia sura ya 36. Nabii alikuwa amezuiwa kuingia katika nyumba ya Bwana. Kwa kuwa hakuweza kusema yeye mwenyewe, alimwita Baruku, akamwandikisha maneno yote katika kitabu cha kukunjwa, akamtuma akayasome mbele ya watu. Habari zikafika kwa mfalme Yehoyakimu. Ilikuwa mwezi wa tisa, majira ya baridi, na moto ulikuwa ukiwaka mbele yake. Yehudi akaanza kusoma.

Angalieni vizuri namna mfalme alivyotenda. Hakukitupa kitabu chote motoni mara moja. Kila mara zilipokwisha kusomwa kurasa tatu au nne, alizikata kwa kisu kidogo cha mwandishi, akazitupa motoni, mpaka kitabu chote kikaisha. Biblia inaongeza jambo la kutisha: mfalme na watumishi wake hawakuogopa wala hawakurarua mavazi yao. Watu watatu tu, Elnathani, Delaya na Gemaria, walimsihi asikichome. Wengine walitazama.

Uhuru wa watu unapotea kwa njia hiyo hiyo. Hakuna mtawala anayesimama asubuhi moja na kutangaza kwamba kuanzia leo hakuna mtu wa kusema. Anakata kipande kidogo na kutoa sababu nzuri, watu wananyamaza. Kesho anakata kingine. Kibaba kinachojazwa haba na haba kinaweza pia kuisha haba na haba.

Wazee wetu waliliona jambo hili katika wakati wa Mobutu. Mwisho wa mwaka 1971 sheria mpya iliweka dini zote chini ya uangalizi wa serikali. Mwaka 1972 majina ya ubatizo yalikatazwa, na vipindi vya dini katika redio na televisheni vikaondolewa. Mwaka 1974 Noeli ikaacha kuwa siku kuu ya taifa, na mwisho wa mwaka ule shule za makanisa zikachukuliwa na serikali. Zilirudishwa kwa mapatano ya mwaka 1977 tu. Kila hatua ilipewa sababu yake: utamaduni wetu, umoja wa taifa, maendeleo. Aliyekubali ya kwanza alikuta ya pili ni nyepesi kukubali.

Mtandao unafungwa namna gani?

Watu wengi wanafikiri kwamba huko Kinshasa kuna mashine moja, mtu akibonyeza, inchi yote inaingia gizani. Sivyo. Intaneti yetu inapita katika mashirika ya simu: hapa kwetu ni Airtel, Vodacom na Orange. Kila shirika linafanya kazi kwa kibali cha serikali. Waziri, ama ARPTC ambayo inasimamia posta na simu, anaandika barua kwa mashirika. Shirika likikataa, linaweza kupoteza kibali chake, kwa hiyo linatii. Mafundi wake ndio wanaofunga. Barua ile haipiti kwanza mbele ya mwamuzi wala mbele ya Bunge. Raia anaijua wakati simu yake imekwisha kunyamaza.

Kuna namna nne za kufunga. Ya kwanza ni kukata intaneti yote: mega zako ziko, lakini hakuna kinachopita. Ya pili ni kufunga programu fulani tu, kama Facebook, WhatsApp ama X. Kurasa zingine zinafunguka, hizo zinakataa. Ya tatu ni kupunguza nguvu, maandishi yakapita lakini picha na video zikakwama. Namna hii ni ya ujanja zaidi, sababu watu wanasema tu kwamba rezo ni mbaya leo, na hakuna anayejua kwamba kuna amri. Ya nne ni kukata ujumbe mfupi wa SMS, ambao hata simu ndogo ya mama wa shambani inautumia.

Mwenye feza na maarifa anapata njia ya pembeni. Anaweka programu ya VPN ambayo inapitisha habari zake katika inchi nyingine, ama anatumia laini ya Uganda akiwa karibu na mpaka wa Kasindi. Maskini hana njia hiyo. Kwa hiyo kufunga mtandao hakuwanyamazishi watu wote sawasawa. Kunamnyamazisha kwanza aliye mdogo.

Mara ngapi tumeyaona?

Tuhesabu pamoja, sababu tusipohesabu tutasahau.

Mwaka 2011, baada ya uchaguzi wa tarehe 28 mwezi wa 11, serikali ilikata SMS katika inchi yote tangu mwanzo wa mwezi wa 12, na watu walikaa bila ujumbe mfupi zaidi ya majuma matatu. Waziri alitoa sababu ya usalama. Wasiosikia kwa masikio, ambao maandishi ndiyo simu yao, walibaki peke yao.

Mwezi wa 1 mwaka 2015, watu waliandamana Kinshasa, Goma na kwingine, wakikataa sheria ya uchaguzi iliyoonekana kuongezea Rais Kabila muda. Intaneti na SMS zikakatwa. Mabanki yalirudishiwa mtandao baada ya siku chache, lakini mitandao ya kijamii ya watu wa kawaida ilibaki imefungwa mpaka mwezi wa 2.

Mwezi wa 12 mwaka 2016, muda wa Rais ulipofika mwisho bila uchaguzi, mitandao ya kijamii ilifungwa tena. Mwezi wa 8 mwaka 2017, ARPTC iliandikia mashirika ya simu ipunguzwe nguvu ya kutuma picha. Tarehe 30 mwezi wa 12 mwaka ule, waziri aliamuru intaneti na SMS zikatwe, sababu kesho yake walei wa Kanisa Katoliki walipanga kuandamana. Ilifanyika hivyo tena katika maandamano ya tarehe 21 mwezi wa 1 na tarehe 25 mwezi wa 2 mwaka 2018. Watu waliuawa katika siku hizo, na picha zilitoka kwa shida.

Kisha ukafika uchaguzi wa tarehe 30 mwezi wa 12 mwaka 2018. Kesho yake intaneti ilikatwa, na matangazo ya redio RFI yakazimwa katika miji mingi. Mtandao ulirudi tu karibu tarehe 20 mwezi wa 1 mwaka 2019, Mahakama ya Katiba ilipokuwa imekwisha kuthibitisha matokeo. Karibu majuma matatu, wakati hasa raia alipotaka kulinganisha hesabu iliyobandikwa kwenye kituo chake cha kura na hesabu iliyotangazwa Kinshasa.

Rais alibadilika, lakini kisu kilibaki mezani. Mwanzo wa mwezi wa 2 mwaka 2025, siku chache baada ya Goma kuangukia mikononi mwa M23, X na TikTok zilifungwa katika inchi yetu. Mwezi wa 6 mwaka ule CSAC, baraza linalosimamia vyombo vya habari, lilikataza redio na televisheni kutangaza shughuli za PPRD, chama cha Joseph Kabila. Tufikiri kidogo juu ya hilo. Yule ambaye katika utawala wake simu zilinyamazishwa mara nyingi, sasa ndiye ambaye chama chake kinanyamazishwa. Kisu cha namna hii hakina rafiki. Anayekinoa leo hajui kesho kitashikwa na nani.

Wala tusidhani kwamba upande wa pili wa mstari wa vita kuna uhuru. Katika maeneo yaliyo chini ya AFC/M23, waandishi wa habari wengi wamekimbia ama wamechagua kunyamaza. Majirani wetu nao wameonja: Uganda ilifunga intaneti yote katika uchaguzi wa mwezi wa 1 mwaka 2021, na Tanzania ilifanya hivyo siku ya uchaguzi, tarehe 29 mwezi wa 10 mwaka 2025. Wafanyabiashara wetu wanaoagiza mali Kampala ama kuipitisha Dar es Salaam wanajua hasara yake.

Kalunguta, Ebola na kura zilizopotea

Sasa tuje nyumbani, sababu hapa ndipo jambo hili lilipotuumiza kwa namna ya pekee.

Tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018, ugonjwa wa Ebola ulitangazwa kuanzia Mangina. Ulienea Beni, Butembo, Katwa, na zone ya afya ya Kalunguta ilikuwa kati ya zile zilizoguswa. Ulipotangazwa kuwa umekwisha, tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020, watu 2.287 walikuwa wamekufa kati ya wagonjwa 3.470. Wengi wetu tulizika bila kugusa maiti za wapendwa wetu.

Mwezi wa 9 mwaka 2018, watafiti waliuliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo wanafikiri nini juu ya ugonjwa huu. Karibu mmoja kati ya wanne aliamini kwamba Ebola haipo. Chini ya theluthi moja waliamini kwamba wakubwa wa mahali wanatafuta faida ya raia. Wale wasiokuwa na imani na wakubwa ndio waliokuwa wazito kukubali chanjo na matunzo. Hesabu hiyo inafundisha jambo moja: uvumi hauoti mahali penye habari nyingi tu, unaota mahali ambapo mtu hamwamini anayempa habari.

Tarehe 26 mwezi wa 12, siku nne mbele ya uchaguzi, CENI ilitangaza kwamba Beni mji na teritwari, mji wa Butembo, na Yumbi huko magharibi, hawatachagua pamoja na wengine. Watangoja mpaka mwezi wa 3 mwaka 2019. Sababu zilizotolewa zilikuwa Ebola na usalama. Watu zaidi ya milioni moja walioandikishwa walielewa hesabu yake upesi: Rais ataapishwa mwezi wa 1, sisi tutapiga kura mwezi wa 3. Watu waliuliza: ikiwa Ebola inakataza kura, kwa nini haikatazi masoko, shule na ibada? Kesho yake, katika hasira ya maandamano huko Beni, kituo kimoja cha kupokea watu waliodhaniwa kuwa na Ebola kilishambuliwa. Tarehe 30, wengi walijipanga mstari huko Beni na kupiga kura yao wenyewe ya mfano, kuonyesha kwamba inawezekana. Siku iliyofuata, intaneti ikakatwa.

Hebu mjiweke katika nafasi ya mama wa Kalunguta katika juma lile. Ugonjwa uko kijijini. Kura yake imeondolewa kwa jina la ugonjwa huo. Kisha njia ya kuuliza, ya kusikia, ya kulinganisha habari, inafungwa na wakubwa walewale. Mfanyakazi wa afya anapobisha mlango na kumwambia aamini, aamini nani? Yule aliyesema kwamba Ebola ni biashara ya siasa alipata siku zile ushahidi ambao hakuutegemea. Hatusemi kwamba kukata intaneti ndiko kulikoleta mashambulizi yote yaliyofuata juu ya vituo vya Katwa na Butembo mwezi wa 2 mwaka 2019. Vikundi vyenye silaha na mambo mengine vilikuwemo. Lakini giza liliongezwa mahali palipohitaji taa.

Na kuna jambo la pili. Tangu mwezi wa 10 mwaka 2014, mauaji ya raia katika eneo la Beni hayajaisha. Katika vijiji vyetu simu ndiyo tarumbeta. Mnakumbuka Nehemia sura ya 4: wajenzi walikuwa mbali mmoja na mwenzake juu ya ukuta, kwa hiyo Nehemia aliweka mpiga tarumbeta karibu naye, ili watu wakisikia sauti wakusanyike mahali pale. Ujumbe mmoja kwamba watu wasiojulikana wameonekana karibu na mashamba fulani unaweza kuokoa wakulima wanaotaka kwenda kuvuna kakao kesho asubuhi. Anayekata mtandao katika inchi ya amani anapoteza feza za watu. Anayeukata katika inchi kama yetu anampokonya mlinzi tarumbeta.

Wafilisti waliwahi kufanya kitu kama hicho. Tunasoma katika 1 Samweli 13 kwamba waliondoa wahunzi wote katika Israeli ili Waebrania wasijifanyie panga wala mkuki. Matokeo yake, hata jembe na shoka za mkulima hazikuweza kunolewa bila kwenda kwa Wafilisti na kulipa. Ndivyo ilivyo. Amri inatolewa ili kuzuia panga, na jembe ndilo linalobaki butu.

Sheria inasema nini?

Katiba yetu ya tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka 2006 ni nzuri katika jambo hili. Kifungu cha 23 kinampa kila mtu uhuru wa kutoa mawazo yake, kwa kuheshimu sheria, utaratibu wa watu wote na desturi njema. Cha 24 kinampa haki ya kupata habari. Cha 31 kinalinda siri ya barua na ya simu.

Lakini chini ya Katiba kuna sheria zingine. Sheria ya simu ya mwaka 2002, katika kifungu cha 46, iliruhusu serikali kukataza matumizi ya vyombo vya mawasiliano kwa sababu ya usalama, ulinzi wa taifa, utaratibu, na hata kwa sababu nyingine yoyote. Tusome tena maneno hayo ya mwisho. Mlango ambao unafunguka kwa sababu yoyote hauna kufuli. Sheria mpya ya tarehe 25 mwezi wa 11 mwaka 2020 ilichukua nafasi yake, lakini haikuondoa uwezo huo.

Kisha ukaja mtindo mwingine: badala ya kufunga mtandao wote, anafungwa mtu mmoja ili wengine waogope. Tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023 ilitiwa sahihi sheria inayoitwa Code du numérique. Kifungu chake cha 360 kinamwadhibu anayeanzisha ama kupitisha habari ya uongo juu ya mtu kwa njia ya mitandao: kifungo cha mwezi mmoja mpaka sita, na faini ya franka 500.000 mpaka 1.000.000. Kusema uongo juu ya mtu ni dhambi, na ni vizuri kuwe na njia ya kumlinda anayesingiziwa. Shida ni hii: nani anaamua kwamba habari ni ya uongo, na je, mtu anafungwa mbele ya kuthibitishwa? Mwandishi Stanis Bujakera alikamatwa tarehe 8 mwezi wa 9 mwaka 2023 juu ya makala ambayo haikubeba sahihi yake. Alikaa gerezani miezi zaidi ya sita. Wengine waliona, wakafuta walichotaka kuandika.

Kwetu Kivu ya Kaskazini na Ituri kuna kipande kingine: état de siège, utawala wa kijeshi ulioanza tarehe 6 mwezi wa 5 mwaka 2021. Tuliambiwa siku 30. Baadaye uliongezwa siku 15, na tena 15, na tena, ikawa miaka. Amri yake iliwapa wakubwa wa jeshi uwezo wa kupekua nyumba mchana na usiku, kukataza mikutano, na kukataza machapisho. Wengi waliupokea kwa matumaini, sababu tulikuwa tumechoka kuzika, na hamu ya usalama si dhambi. Lakini mwezi wa 11 mwaka huo huo vijana wa LUCHA walikamatwa Beni walipokusanyika kupinga kuongezwa kwake. Tarehe 1 mwezi wa 4 mwaka 2022, mahakama ya kijeshi iliwahukumu 12 kati yao kifungo cha miezi 12. Mwezi wa 10 mwaka 2023 Rais alitangaza kwamba hatua hizo zitalegezwa polepole. Mauaji hayakukoma kwa sababu watu walinyamaza.

Kuna kifungu kimoja ambacho kila mkristo anapaswa kukijua: cha 61. Kinataja haki ambazo haziwezi kuondolewa hata wakati wa état de siège. Ndani yake kuna haki ya kuishi, katazo la mateso, haki ya kujitetea mahakamani, na uhuru wa mawazo, wa dhamiri na wa dini. Uhuru wa kusema haukutajwa pale. Kwa hiyo mtu anaweza kufikiri: mimi nina uhuru wa kuabudu, yanatosha. Lakini dini yetu ni ya neno linalotangazwa. Petro na Yohana hawakukatazwa kumwamini Yesu moyoni. Walikatazwa kusema kwa jina lake. Uhuru wa dhamiri usiokuwa na uhuru wa kinywa ni taa iliyofunikwa kwa pishi.

Na uongo wa mitandao je?

Ndugu mmoja atasema: lakini mitandao inaua! Ni kweli. Tumeona picha za maiti kutoka inchi nyingine zikipitishwa kama za Beni. Tumeona kabila zima likilaumiwa kwa kosa la mtu mmoja. Tumeona sauti zisizojulikana zinazotangaza shambulio ambalo halikuwepo, na watu wakakimbia usiku na watoto. Warumi 13 inatufundisha kwamba mtawala amewekwa kwa ajili ya mema, na kumzuia mchochezi wa mauaji ni wema.

Lakini tutofautishe. Kumkamata anayechochea mauaji, kumpeleka mbele ya mwamuzi, na kumpa nafasi ya kujitetea, ni kazi ya serikali. Kunyamazisha mamilioni kwa sababu ya wachache si haki. Ni kama kufunga soko lote la Butembo kwa kuwa mwizi mmoja ameonekana ndani yake. Na dawa ya uongo ni ukweli unaofika haraka kutoka kwa mtu anayeaminiwa. Katika Ebola, milango ilianza kufunguka zaidi pale ambapo wachungaji, machifu na watu waliopona walisimama kusema kwa Kinande na kwa Kiswahili.

Tufanye nini katika makanisa mahalia?

Kwanza, tulinde midomo yetu. Amri ya tisa inahusu kidole pia. Mbele ya kupitisha habari, tuulize: nani ameiona, wapi, siku gani? Kanisa linalopitisha uongo halina nguvu ya kumkemea anayefunga ukweli.

Pili, tuweke njia ambazo hazitegemei intaneti. Kila parokia ijue namba za simu za kawaida za viongozi wa parokia jirani. Tuwe na mtu wa kupeleka habari kwa pikipiki, ubao wa matangazo, na ushirikiano na redio za mahali. Kengele ya kanisa haiwezi kufungwa kwa barua ya waziri.

Tatu, tuwafundishe vijana vifungu vya 23, 24, 31 na 61. Mtu hawezi kutetea asichokijua. Huko Zimbabwe, mwezi wa 1 mwaka 2019, Mahakama Kuu iliamua kwamba kufungwa kwa intaneti hakukuwa halali, sababu waziri aliyetoa amri hakuwa na mamlaka hayo kisheria, na mtandao ukafunguliwa. Mwaka 2020 mahakama ya ECOWAS ilihukumu vilevile dhidi ya Togo kwa kufunga intaneti mwaka 2017. Swali dogo kama lile la nani ametia sahihi, na kwa sheria gani, linaweza kufungua mlango.

Nne, tuseme kwa pamoja na kwa heshima. Mchungaji mmoja akisema peke yake anakuwa shabaha. Kanisa la Kristo katika Kongo likisema, na hasa likisema pamoja na maaskofu Wakatoliki kama lilivyofanya katika mpango wa amani ulioanzishwa mwezi wa 1 mwaka 2025, sauti inasikika. Baraza la parokia linaweza kuandika kwa wakubwa wake wa kanisa na kwa wabunge waliochaguliwa hapa, likiomba jambo moja linaloeleweka: amri ya kufunga mtandao isitolewe tena bila mwamuzi, bila muda uliowekwa, na bila sababu inayotangazwa.

Tano, tuwatembelee walio gerezani kwa ajili ya maneno yao, hata tusipokubaliana na kila walichosema. Waebrania 13 haikutuambia tuulize kwanza chama chao. Na tuwaombee wanaotuongoza, ili wasiogope kusikia.

Kitabu cha pili

Habari ya Yeremia haikuishia motoni. Mfalme aliamuru nabii na mwandishi wake wakamatwe, lakini Bwana aliwaficha. Kisha Yeremia akachukua kitabu kingine, na Baruku akaandika tena maneno yote yaliyochomwa, na mengine mengi ya namna hiyo yakaongezwa. Yehoyakimu alifikiri amepunguza maneno, yalizidi.

Lakini tusisahau wale watatu waliomsihi asikichome. Hawakuwa manabii. Walikuwa watu wa kazi ya mfalme, walisimama katika chumba chake, na hawakusikilizwa. Hata hivyo majina yao yameandikwa katika kitabu kile kilichoandikwa tena. Katika makanisa yetu kuna walimu, waganga, watumishi wa serikali, askari, wafanyakazi wa mashirika ya simu. Siku kipande kingine kitakapotaka kukatwa, baadhi yao watakuwa ndani ya chumba. Tuwaandae tangu leo, ili wasiwe kati ya wale waliotazama tu.

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo iwe pamoja nanyi nyote.